Kijana, Uanaume na Rafiki wa Kweli

Ndugu wakatekumeni, siku ya Ubatizo Padri atawauliza maswali machache, nanyi mtajibu kwa sauti mbele ya watu wote. Moja la maswali hayo lahusu kumkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake. Kazi za Shetani hujulikana upesi: wizi, uuaji, uzinzi, uongo. Lakini fahari zake ni nini? Wengi hujibu neno hilo bila kulipima.

Fahari za Shetani ni mambo yang'aayo kwa nje na matupu kwa ndani. Ni sifa isiyotokana na wema, ni utukufu autafutao mtu kwa macho ya wenzake, akiyasahau macho ya Mungu. Fahari hizi hubadilisha mavazi kila kizazi. Siku hizi kwa vijana wengi zimeingia ndani ya simu, katika ile iitwayo mitandao ya kijamii. Yafaa basi kuchungua jambo hili kwa utulivu, hasa kwa ajili ya vijana wa kiume, kwa maana huko ndiko wengi wao wanakojifunza leo maana ya kuwa mwanaume na maana ya kuwa rafiki.

1. Chombo chenyewe si dhambi

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Zamani habari iliwafikia watu wake kwa mtumbwi: aliyetoka Bukavu au Goma alisimama ufukoni, watu wakamzunguka, akasimulia. Mwaka 2016, kwa nia ya Mwami Ntambuka wa upande wa kusini na kwa msaada wa shirika la Ensemble Pour la Différence, mtandao wa intaneti wa wananchi ulianzishwa kisiwani, ukaitwa Pamoja Net. Tena makampuni ya simu yalisimamisha minara yao. Leo kijana aweza kusimama juu ya kilima chake na kuzijua habari za Kinshasa na za Paris kabla ya kuzijua za jirani yake.

Jambo hili lina mema mengi. Mama husikia sauti ya mwanawe aliye mbali. Mkulima wa kahawa huuliza bei kabla ya kupakia mzigo wake. Vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata, jamaa nyingi zilijua kwa njia ya simu kwamba ndugu zao wangali hai. Kanisa Takatifu halichukii vyombo vya habari. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo, iitwayo Inter Mirifica, nayo yavihesabu miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo akili ya binadamu imeyapata kwa msaada wa Mungu. Lakini hati hiyo yaonya pia kwamba mtu aweza kuvitumia vitu hivyo kinyume cha mpango wa Muumba wake, na hivyo kujiangamiza. Panga hulima shamba, na panga hilohilo huua.

Tena yafaa kujua jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009, nyingine zikafuata. Wenye mitandao hiyo mikubwa hupata mali yao hasa kwa matangazo ya biashara. Kwa hiyo wataka mtu akae humo muda mrefu, kama vile mwenye soko atakavyo watu wasiondoke sokoni. Mitambo yao huangalia jicho la kijana limekawia wapi, kisha humletea vitu vya namna ileile. Akikawia kwenye ugomvi, ataletewa ugomvi. Akikawia kwenye mali za matajiri, ataletewa mali nyingine kubwa zaidi. Hivyo kijana adhani anautazama ulimwengu, kumbe anatazama tamaa zake mwenyewe zikirudishwa kwake zimeongezwa.

2. Kipimo cha uongo

Wazee wa kisiwa walimpima kijana kwa mambo yaonekanayo polepole. Je, shamba lake limepaliliwa? Je, neno lake husimama? Je, wenzake wa ziwani humwamini usiku wa dhoruba? Kipimo hicho kilihitaji miaka.

Kipimo cha mtandao huhitaji dakika. Kijana huegemea pikipiki isiyo yake, huvaa miwani ya kuazima, hupigwa picha, kisha hungoja. Mioyo midogo na madole gumba huanza kuhesabika chini ya picha ile. Wakiwa wengi, afurahi. Wakiwa wachache, ajiona si kitu. Kesho atafuta pikipiki kubwa zaidi. Mwingine ameuza mananasi ya baba yake ili anunue intaneti. Mwingine ana deni kwa sababu ya viatu vilivyovaliwa kwa picha moja tu.

Katika kipimo hicho kuna uongo wa namna tatu.

Uongo wa kwanza wasema: mwanaume ni mali yake. Lakini Mwana wa Mungu alizaliwa zizini, akafanya kazi ya seremala miaka mingi pale Nazareti, wala hakuwa na mahali pake pa kulaza kichwa. Nani atathubutu kusema kwamba hakuwa mwanaume?

Uongo wa pili wasema: mwanaume ni mabavu, halii, hasamehi, hatumikii mtu. Lakini Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro rafiki yake. Usiku wa kuamkia mateso yake alijifunga kitambaa akawaosha mitume miguu, kazi ya mtumwa. Na msalabani aliwaombea msamaha wale waliompigilia misumari. Kuwapiga wengine, hata fahali aweza. Kujishinda mwenyewe ni kazi ya mtu kamili.

Uongo wa tatu wasema: mwanaume ni yule mwenye kuwapata wasichana wengi na kuwaonyesha wenzake picha zao. Huu ni uongo mchafu, maana wamfanya binti wa Mungu kuwa kama bidhaa ya kupitishwa mkono kwa mkono. Kijana apitishaye picha ya aibu ya msichana amtenda dhambi msichana huyo, na wazazi wake, na kila mtu aliyemfungulia picha hiyo. Asijitetee kusema, "Siye mimi niliyeipiga." Apokeaye kitu cha wizi na kukiuza si mwizi pia?

Kumbukeni jinsi Shetani alivyomjaribu Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu. Alimtaka ajitupe chini, malaika wamdake. Kwa nini hekaluni, penye watu wengi? Huko jangwani palikuwa na majabali marefu ya kutosha. Lakini jangwani hapakuwa na watazamaji. Shetani alimtaka Yesu ajulikane kwa tendo la kushangaza, asilopewa na Baba kulitenda. Bwana alikataa. Hakuhitaji makelele ya watu ili ajue yeye ni nani, maana pale mtoni Yordani alikuwa amekwisha kuisikia sauti ya Baba ikimwita Mwana mpendwa. Na sauti hiyo ilikuja lini? Ilikuja kabla hajaponya mgonjwa hata mmoja, kabla hajahubiri kwa makutano. Alipendwa kwanza, ndipo akafanya kazi.

Ndivyo itakavyokuwa kwenu siku ya Ubatizo. Maji yatakapomiminwa, Mungu atawapokea kuwa wanawe kabla hamjafanya lolote la kuhesabika. Mtu aliyepokea neno hilo moyoni hana haja ya kuhesabu madole gumba ili alale usingizi.

3. Rafiki na mtazamaji

Chukueni sasa mfano, usio wa mtu mmoja bali wa wengi.

Tuseme wako vijana wawili wa kilima kimoja, wafundishwao dini katika darasa moja. Mama yake mmoja augua miguu, na dada zake wameolewa mbali. Basi kijana huyo aamka alfajiri, abeba dumu la maji kichwani kutoka chemchemi, kazi iliyozoewa kuwa ya wanawake. Siku moja mtu ampiga picha kwa siri, aipeleka katika kundi la WhatsApp la vijana wa kijiji, na kuandika chini yake kwamba bibi arusi mpya amepatikana. Kundi lina watu 60. Wote wacheka.

Rafiki yake ameiona picha. Yeye ajua habari ya mama mgonjwa. Amekula mara nyingi katika nyumba ile. Anyamaza kitambo. Kisha aogopa kwamba wengine watamwona yu upande wa mchekwa, naye abonyeza uso mdogo wa kucheka. Kidole kimoja tu, wala hakutamka neno. Lakini yule kijana, katika kutazama nyuso 60 zimchekazo, auona mmoja tu: uso wa rafiki yake.

Tangu siku hiyo haji darasani. Aanza kusema habari za kwenda nchi kavu kujiunga na watu wenye bunduki, ili asiwepo tena wa kumcheka. Ndugu, msidhani kwamba mambo haya ni madogo kwa sababu yametendeka ndani ya simu. Aibu ya kijana ni mlango, na wako wengi wangojao nje ya mlango huo.

Hali ya rafiki yule ilimpata pia Mtume Petro. Hakumkana Bwana mbele ya askari aliyemwekea upanga shingoni. Alimkana kando ya moto, katikati ya watu waliokuwa wakiota, kwa ajili ya maneno ya kijakazi. Aliogopa kutengwa na joto la moto ule. Makundi ya simu ni moto wa namna hiyo: watu wauzunguka, waota pamoja, na atakaye kubaki hujaribiwa kumkana ndugu yake. Lakini Bwana aligeuka akamtazama Petro, naye Petro akatoka nje akalia. Kutoka nje ya uwanja wa moto ndiko kulikokuwa mwanzo wa wokovu wake.

Basi rafiki yule naye afanye nini? Asimpelekee mwenzake ujumbe mrefu wenye maua. Aende kwa miguu, abishe hodi, aseme: "Nimekukosea." Na kesho yake alfajiri abebe dumu la pili, wapite wote wawili mbele ya vijana waliokaa uwanjani. Huenda watacheka tena. Lakini mzigo wa kicheko ukibebwa na wawili si mzigo mkubwa. Na yule aliyekuwa akienda kutafuta bunduki atakuwa na sababu ya kubaki nyumbani.

Hiyo ndiyo tofauti ya rafiki na mtazamaji. Mtazamaji huwako maadamu kuna jambo la kutazama. Rafiki huwako wakati usio na cha kutazamwa: wakati wa homa, wa msiba, wa njaa, wa kazi ndefu isiyosifiwa. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema kwamba ni yule akusifuye kwa picha.

Watu wa Ziwa Kivu wanao mfano mzuri mbele ya macho yao kila usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, na kushusha wavu katikati. Mtumbwi mmoja peke yake hauwezi kuushika wavu ule. Wanaume wale hupiga makasia kwa kufuatana na wimbo mmoja. Mmoja akilala, wote huchelewa. Hakuna anayewapigia makofi gizani. Hata hivyo asubuhi watu hupata kitoweo. Urafiki wa Kikristo wafanana na miti ile ifungayo mitumbwi: haionekani mbali, lakini yote yashikwa nayo.

4. Mfano wa Mwenye Heri Floribert

Mungu hakutuachia maneno matupu. Amelipa Kanisa la Kivu kijana wa siku hizi, aliyezaliwa Goma mwaka 1981: Floribert Bwana Chui. Alikuwa msomi wa sheria, naye alipenda mavazi mazuri ya kijana wa mjini. Si mtu aliyeukimbia ulimwengu. Katika Jumuiya ya Mtakatifu Egidio aliwapenda watoto wa mitaani, akajifanya rafiki yao, akawasaidia kusoma.

Kazi yake ilikuwa katika idara ya serikali ikaguayo bidhaa mpakani. Huko alitakiwa kuruhusu chakula kilichoharibika kiingie nchini, akaahidiwa fedha. Alikataa, kwa maana chakula kile kingewadhuru watu. Alitishwa, akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini.

Tafakarini hapo, vijana. Alipokataa fedha zile hapakuwa na mtu wa kumpiga picha, wala umati wa kumsifu. Angaliweza kuzipokea, akanunua gari, akaonekana mwanaume mkubwa mbele ya mji mzima. Yeye aliona vema kuwa mwanaume mbele ya Mungu na mbele ya maskini wasiojua hata jina lake.

Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko alizungumza na vijana wa Kongo katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Aliwaonya wasipoteze saa nyingi mbele ya simu. Kisha aliwataka watazame mikono yao, akakipa kila kidole maana. Kidole gumba, kilicho karibu na moyo, ni sala. Kidole cha shahada ni jumuiya. Kidole cha kati ni unyofu, na hapo ndipo alipomtaja Floribert. Kidole cha pete ni msamaha. Kidole cha mwisho, kilicho kidogo kuliko vyote, ni utumishi. Ni fundisho rahisi kushika, maana mkono ni kitabu asichoweza mtu kukisahau nyumbani. Na kidole kile kile kisukumacho picha za simu toka asubuhi mpaka usiku, ndicho kilichopewa kazi ya sala.

5. Maswali na majibu

Je, ni dhambi kwa kijana kuwa na simu na kuingia katika mitandao?
La, si dhambi. Dhambi hutoka katika moyo na katika matumizi. Mwenye simu atoe hesabu yake, kama mwenye fedha atoavyo hesabu ya fedha.

Je, kucheka mtu katika kundi ni dhambi, kama aliyeanza ni mwingine?
Ndiyo, ni kosa juu ya upendo, na uzito wake huongezeka kadiri ya madhara. Amri ya nane yalinda jina jema la jirani, nayo haisemi kwamba kidole hakihukumiwi kama ulimi.

Je, yafaa kupitisha habari za vita na maneno juu ya kabila fulani?
Asiyejua kwa hakika kwamba habari ni kweli, asiipitishe. Na maneno ya kuchukia kabila la mtu yasipitishwe kamwe, kwa kuwa ni mbegu ya damu. Idjwi kwa miaka mingi ilijulikana kuwa kisiwa cha amani, na mwaka 1994 iliwapokea wakimbizi waliovuka ziwa. Sifa hiyo ililindwa na wazee. Isipotezwe na vijana kwa ujumbe wa usiku mmoja.

Kijana afanye nini akiona ndugu yake achekwa?
Mambo matatu. Kwanza, asijiunge. Pili, aseme wazi katika kundi lilelile kwamba haifai. Maana aibu iliyotupwa hadharani haiondolewi kwa kunong'ona pembeni. Tatu, aende akaketi na mchekwa, ana kwa ana.

Je, mwanaume Mkristo hupimwa kwa nini?
Kwa upendo. Mbele ya kiti cha hukumu Bwana hatauliza ni wangapi waliomfuata mtu. Atauliza juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Dumu la maji lililobebwa kwa ajili ya mama mgonjwa litaonekana siku hiyo, hata kama hapa duniani lilichekwa na watu 60.

6. La kutenda wiki hii

Kila mkatekumeni mwenye simu achague saa moja ya jioni, aizime, na katika saa hiyo amtembelee mtu mmoja: mgonjwa, au mzee, au mwenzake aliyeacha kuja mafundisho. Asimpige picha. Asimwambie mtu. Akirudi nyumbani, kabla ya kuiwasha simu, apige magoti na kumtajia Mungu jina la mtu huyo, maana kidole gumba ni sala. Afanye hivyo mpaka siku ya Ubatizo wake. Ndipo Padri atakapomwuliza juu ya fahari za Shetani, naye atajibu kwamba azikataa, neno hilo litakuwa limekwisha kufanya mizizi ndani yake.

Mwenye Heri Floribert, kijana wa Kivu, utuombee. Amina.